Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Kila mwaka joto la kaskazi linapoanza kukaza, kuanzia Novemba hivi, kuna maneno yanayosikika katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa: "Mama, gesi imeisha." Fundi amepanda ngazi, amefunga geji yake kwenye mashine ya nje, mshale umelala chini. Mwenye nyumba anauliza bei, wanavutana kidogo, mtungi unafunguliwa. Baada ya nusu saa ubaridi umerudi na kila mtu anashukuru. Mwaka unaofuata, fundi yuleyule, ngazi ileile, maneno yaleyale.

Mwaka huu naomba tuiache desturi hiyo. Ombi langu kwa kila mwenye kiyoyozi, kiwe cha nyumbani, dukani, ofisini au msikitini, ni fupi: fundi akikwambia gesi imeisha, usimlipe aijaze mpaka akuonyeshe ilikotokea.

Gesi ya jikoni inaungua, ndiyo maana inakwisha. Gesi ya kiyoyozi haiungui na hailiwi na chochote. Inazunguka tu ndani ya mabomba ya shaba. Ikifika kwenye mashine ya ndani ikiwa majimaji, inageuka mvuke na kunyonya joto la chumba. Kompresa inaubana mvuke huo na kuusukuma kwenye mashine ya nje, ambako feni inalipeperusha lile joto barazani. Mvuke unarudi kuwa majimaji na safari inaanza upya. Ni kama damu mwilini: inazunguka, haitumiki ikaisha, na ikipungua ujue kuna kidonda. Kiyoyozi kilichofungwa vizuri kinaweza kutembea miaka kumi na zaidi na gesi ileile kilichotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo mtu anayejaziwa gesi kila mwaka hafanyiwi sevisi. Analipia tobo.

Mafundi wasibebe lawama yote peke yao. Wapo wajanja, hilo hakuna asiyelijua. Wapo hata wanaosema gesi imeisha kabla hawajafungua filta ambayo imeziba vumbi hadi hewa haipiti. Lakini wengi ni vijana wanaoijua kazi, na sisi wenyewe ndio tunaowafundisha kuilipua. Tunampigia fundi mchana wa jua kali, tunataka aje leo, amalize kabla ya magharibi, na achukue pesa kidogo kuliko yule wa jirani. Akisema inabidi atafute panapovuja, pengine afungue mashine nzima na kuishusha, tunamwona anatutengenezea bili. Tunamwambia, "We jaza tu, kaka, hayo mengine tutaona baadaye." Baadaye haifiki.

Kazi yenyewe, ikifanywa inavyotakiwa, inapendeza kuitazama. Fundi anachanganya sabuni ya maji na maji kidogo kwenye kopo, anatumbukiza brashi au kipande cha sponji, anapaka kila mahali bomba linapoungana. Sehemu ya kwanza ya kushuku ni zile nati za shaba pembeni mwa mashine ya nje, ambapo mdomo wa bomba umepanuliwa ukabanwa kwa spana. Huko ndiko uvujaji mwingi unakoanzia, kwa sababu aliyefunga alikaza kupita kiasi mdomo ukapasuka, au hakukaza vya kutosha, au alikata bomba kwa msumeno na kuacha chembechembe. Unasubiri. Kwa sekunde kadhaa hakuna kitu, halafu chini ya nati unaona kipovu kimoja kidogo kinavimba taratibu, kinapasuka, kingine kinazaliwa palepale. Hapo ndipo pesa yako ya mwaka jana ilipopitia. Mara nyingi dawa yake ni kukata inchi mbili za bomba, kupanua mdomo upya na kukaza kwa kipimo.

Tobo dogo sana halionekani kirahisi kama gesi yenyewe imebaki kidogo. Ndiyo maana fundi makini hujaza naitrojeni kwanza, akapandisha presha, akapaka sabuni, kisha akaacha geji imefungwa kwa muda aone kama mshale unashuka. Naitrojeni, nasema, si oksijeni. Jambo hili nalirudia kwa sababu ni la kufa na kupona: wapo wanaoazima mtungi wa oksijeni kwa wachomeleaji kwa kuwa uko karibu na bei yake ni nafuu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka, na aliyeinama pale juu ya geji ndiye anayeumia. Ukimwona fundi anakuja na mtungi wa oksijeni kupima presha, msimamishe. Usione haya, hata kama ni mtu mzima kuliko wewe. "Samahani, baba, hiyo sitaki" inatosha.

Baada ya tobo kuzibwa kuna hatua nyingine inayorukwa sana, nayo ni kuvuta hewa. Mabomba yakishafunguliwa yanaingia hewa na unyevu, na huku pwani unyevu ni mwingi. Lazima pampu ya vakyumu ifungwe na kuachwa inavuta kwa muda, sio dakika mbili, mpaka ndani pakauke. Njia ya mkato ni kufungulia gesi kidogo iisukume hewa itoke, shwaa, halafu kufunga nati. Inaonekana kama imekubali. Lakini unyevu unaobaki unachanganyika na gesi na mafuta, unatengeneza asidi, na asidi hiyo inaila kompresa polepole kwa ndani. Kompresa ikifa mwaka wa pili utaambiwa umeme wa hapa mtaani ni mbaya. Na gesi mpya iingie kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine, badala ya kukisia kwa kushika bomba na kusema "limeshapoa".

Najua haya yanaongeza gharama ya siku hiyo. Pampu, mizani na mtungi wa naitrojeni si vitu vya bure, na anayevimiliki ana haki ya kudai ujira mkubwa kuliko anayekuja na spana mbili na geji kwenye mfuko wa rambo. Ninachoomba ni tukubali kulipa tofauti hiyo. Lipa mara moja kwa kazi iliyokamilika, na mwambie fundi aandike kwenye karatasi: tobo lilikuwa wapi, gesi gani imewekwa, gramu ngapi, tarehe gani. Ibandike hiyo karatasi pembeni ya mashine ya ndani. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu atakushukuru.

Hapa niseme kwa nini jambo la nyumbani kwangu na kwako linawahusu na wengine. Gesi inayotoka kwenye ile nati haipotei, inapanda angani. Viyoyozi vingi vya zamani vina gesi ya R22, ambayo inachubua tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua, na juu ya hapo kilo yake moja inapasha dunia joto mara 1,800 na ushee kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Mashine zilizokuja baadaye na R410A hazigusi ozoni, lakini kwa kupasha joto ni mbaya kuliko hata R22: zaidi ya mara 2,000. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kinabeba kilo moja hivi au pungufu. Zidisha kwa nyumba za Upanga, Sinza, Nyali na Mbweni, kisha zidisha kwa miaka ya kujaza na kuvuja. Tunapoza chumba kwa kuipasha moto mbingu iliyo juu yake.

Dunia imeshalikalia kikao. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na chini yake nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zimekuwa zikiipunguza R22 hatua kwa hatua; 2025 matumizi yalitakiwa yawe yameshuka kwa asilimia 67.5 yakilinganishwa na kiwango cha kuanzia, na 2030 ndiyo mwisho wake, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Kisha Oktoba 2016 mataifa yakakutana hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kuzipunguza pia gesi za kundi la R410A. Makubaliano hayo yakaanza kufanya kazi Januari 2019. Maana yake kwa mwenye AC ya zamani ni kwamba gesi yake itazidi kuadimika na bei itapanda. Aliyeziba tobo leo hatakuwa na wasiwasi. Aliyezoea kujaza ndiye atakayelia.

Kitu kingine kinachohitaji jicho lako ni kumwaga gesi ovyo. Mashine inapohamishwa au kutupwa, fundi asifungue nati akaiachia gesi yote hewani. Inawezekana kuifungia ndani ya mashine ya nje kwa kufunga vali huku kompresa ikiwa inazunguka, kazi ya dakika chache, na mtungi wa kuivunia upo kwa wale walionunua vifaa. Mwulize kabla hajaanza. Swali tu linatosha kumfanya fundi ajue kwamba nyumba hii wanaangalia.

Sasa upande wako wewe, kabla hujampigia mtu yeyote. Fungua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani. Ndani kuna filta mbili za wavu wa plastiki. Zitoe, zioshe kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, zikaushe kivulini, zirudishe. Kila mwezi wakati wa joto, na mara mbili kwa mwezi kama unakaa kando ya barabara ya vumbi. Nusu ya kesi za "AC haipozi" zingeishia hapo, na hili nalisema kwa macho yangu, sina takwimu. Filta ikiziba, hewa haipiti, bomba la ndani linaganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji yanamwagika kitandani. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaiweza kazi hii, na wengi wanaipenda kuliko kuosha vyombo.

Maji yakidondoka ukutani hata kama filta ni safi, sababu huwa ni ule mpira wa kutolea maji nje umeziba kwa utelezi na uchafu. Mara nyingi unazibuka kwa kupulizwa au kuvutwa kutoka upande wa nje. Mashine ya nje nayo, kwa sisi tulio karibu na bahari, inaliwa na chumvi. Yale mapezi membamba ya aluminiamu yanageuka unga mweupe ukiyaacha. Zima breka kwanza, kisha yamwagie maji baridi yasiyo ya chumvi, kwa presha ndogo, kila baada ya wiki chache. Kwa wenye visima vya maji ya chumvi, nunueni dumu la maji matamu kwa kazi hii. Na umeme unapokatika na kurudi, usikiwashe kiyoyozi papo hapo. Ipe gesi dakika tatu itulie, vinginevyo kompresa inajaribu kuanza ikiwa imebanwa pande zote. Vile vilinzi vya umeme vinavyochelewesha kuwasha vinauzwa Kariakoo na bei yake haikaribii bei ya kompresa.

Kama mashine imezeeka kweli na umeamua kununua nyingine, uwe na subira dukani. Tafuta yenye inveta, yaani ile inayopunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka. Tafuta gesi ya R32, ambayo inapasha dunia joto mara 675 tu, au R290, ambayo ni propani na haifiki hata mara tano. Zote mbili zinaweza kushika moto, ya pili kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mashine yake ifungwe na mtu aliyejifunza gesi hizo. Na fundi asije akakushauri kuijaza R290 kwenye mashine yako ya zamani ya R22 kwa sababu ni rahisi. Mashine ile haikutengenezwa kuzuia cheche. Kuhusu AC za mtumba kutoka ng'ambo, maoni yangu ni makali: usinunue. Unanunua umeme wa mtu mwingine aliouchoka.

Ukubwa pia una fitina yake. Chumba cha kulala cha kawaida kinatoshelezwa na BTU 9,000 au 12,000, lakini watu wanaweka 18,000 kwa fahari, chumba kinapoa haraka kabla unyevu haujatoka, na unalala kwenye ubaridi wa mgando. AC ya kawaida ya BTU 12,000 inakula wati 1,000 hivi ikiwa inafanya kazi. Feni ya dari inakula kama 70. Tumia vyote pamoja. Weka kiyoyozi kwenye 25 au 26, feni izunguke taratibu, na utaona umeme wa LUKU unavyokaa. India iliamua kuwa viyoyozi vyote vipya vya chumba, kuanzia Januari 2020, vikiwashwa vianzie nyuzijoto 24, kwa sababu watu wengi hawana haja na 18, ni mkono tu umezoea kubonyeza rimoti. Pazia zito upande wa magharibi na paa lililopakwa rangi nyeupe ni ndugu wa kiyoyozi. Wazee waliojenga Mji Mkongwe kwa mawe, chokaa na kuta nene walilijua hilo bila rimoti.

Ombi hili sasa nalipeleka kwa kamati za misikiti na makanisa, na kwa wenye kumbi. Kuchangia kununua viyoyozi tunaweza sana. Jina la mfadhili linasomwa, takbira au vigelegele vinapigwa, mashine sita zinapanda ukutani. Miaka miwili baadaye nne zinatoa upepo wa moto na hakuna anayesimama kutangaza mchango wa kuosha filta na kuziba tobo. Anayetaka kutoa sadaka mwaka huu na atoe ya sevisi. Haina kibao, lakini waumini watamwombea dua kila Ijumaa ya Februari. Tarehe 16 Septemba ni siku ambayo dunia huadhimisha ulinzi wa ozoni, na kwetu inaangukia vizuri kabisa, kusi linapoisha na kabla joto halijafika, wakati mafundi hawajazidiwa na kazi. Iwe ndiyo siku ya kupiga simu.

Wenye nyumba za kupangisha, na ninyi wapangaji, andikeni kwenye mkataba. Pendekezo langu: kuosha filta na sevisi ya kawaida ni ya mpangaji, tobo, kompresa na ubao wa umeme ni vya mwenye nyumba. Mpangaji anayejaziwa gesi kila mwaka kwenye mashine isiyo yake atachagua njia ya bei nafuu, na huwezi kumlaumu. Tobo ataliacha kama alivyolikuta.

Nanyi mafundi, ambao mkishasoma haya mtaniona nimewatia moto: VETA ina mafunzo ya majokofu na viyoyozi, na anayejua gesi mpya atakuwa na kazi miaka ishirini ijayo. Kama huna pampu na mizani, changeni watatu mnunue pamoja. Mwonyesheni mteja kile kipovu cha sabuni. Akikiona kwa macho yake, mabishano ya bei yanaisha.

Limebaki moja, ambalo nawaomba wanaojenga sasa hivi. Angalia maghorofa yetu: mashine za nje zimening'inizwa ukutani ghorofa ya nne, ya sita, mahali ambapo hakuna kibaraza wala dirisha la karibu. Wa kuisafisha inabidi atoke nje kiunoni, mguu mmoja dirishani, mwenzake amemshika mkanda wa suruali, mkono wake mmoja una spana. Kazi ya kupaka sabuni na kusubiri kipovu haiwezi kufanywa na mtu aliyening'inia hivyo. Atajaza gesi haraka arudi ndani, na ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Kabla mchora ramani hajamaliza, mwombe aweke kibaraza kidogo cha huduma chenye ukingo, au mlango wa kufikia kila mashine, na kulabu imara ya kufungia mkanda wa usalama. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, hamisha mashine ije juu ya baraza au paa la zege siku utakayobadilisha mabomba, na mpaka siku hiyo ifike, usimruhusu mtu apande bila mkanda na kamba, hata akikuhakikishia kwamba amezoea.